Ukwapi wa Sauti, Utao wa Gitaa

Oktoba 2016, Chuo cha Sweden kilipotangaza kwamba Tuzo ya Nobel ya Fasihi amepewa Bob Dylan, mwimbaji wa Kimarekani, magazeti ya Ulaya na Marekani yalijaa ubishi kwa wiki kadhaa. Wako waliolalamika kwamba fasihi imeingiliwa na watu wa jukwaani. Wengine wakakumbusha kwamba tenzi za Homer nazo ziliimbwa kabla hazijaandikwa. Dylan mwenyewe hakwenda Stockholm mwezi Disemba kuipokea tuzo. Badala yake alisimama Patti Smith, mwimbaji na mshairi, akaimba mbele ya mfalme, akakwama katikati ya ubeti, akaomba radhi, akaanza tena.

Kwa msomaji wa pwani ubishi ule ulikuwa na ajabu yake. Huku shairi na wimbo havijapata kuwa nyumba mbili zenye ua katikati. Utenzi una tuni yake, tarbia ina mahadhi yake, na mtunzi aliyeambiwa kwamba kazi yake haiimbiki huelewa mara moja kwamba ameambiwa mizani yake imepotea. Kuuliza kama wimbo unaweza kuwa ushairi ni sawa na kuuliza kama maji ya kisimani yanaweza kunyweka. Swali lenye uzito ni jingine: ikiwa nyimbo za roki ni ushairi, ni ushairi wa bahari gani? Na kwa nini bahari hiyo ilijaa hadi ikafurika dunia nzima, kisha ikaanza kupwa?

Jibu halianzi kwa Dylan. Linaanza kwenye mashamba ya pamba ya kusini mwa Marekani, kwa wajukuu wa watumwa, mwanzoni mwa karne ya 20.

Ubeti wa bluzi ni tathlitha. Una mishororo mitatu: wa kwanza hutoa kauli, wa pili huirudia kauli ile ile, pengine kwa badiliko dogo, na wa tatu huijibu na kuifunga kwa kina. Muziki wake aghalabu huwa na vipimo kumi na viwili, vinne kwa kila mshororo. Lakini sauti ya mwimbaji haivijazi vinne vyote. Huimba takriban viwili, kisha hunyamaza, na viwili vinavyobaki huachiwa gitaa. Kwa istilahi za ushairi wa Kiswahili, kila mshororo wa bluzi una ukwapi na utao. Ila ukwapi ni wa mdomo na utao ni wa nyuzi. Gitaa halikupamba wala halikujaza nafasi. Lilijibu. Mtu anasema jambo lake, chombo kinamwitikia, anasema tena jambo lile lile kana kwamba hakusikiwa, kinamwitikia tena kwa namna nyingine, ndipo anapotoa la mwisho.

Umbo hilo ni dogo na lina nguvu za ajabu. Muddy Waters alipohama Mississippi kwenda Chicago mwaka 1943, akaliacha gitaa la mbao na kushika la umeme kwa kuwa katika vilabu vyenye makelele la mbao halikusikika, alichobadilisha ni sauti ya utao tu. Mpango wa ubeti ulibaki vile vile. Sister Rosetta Tharpe, aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisa huku gitaa la umeme limemning'inia begani, alikuwa tayari ameonyesha kwamba jibu la nyuzi linaweza kuwa na furaha kali kuliko kauli yenyewe. Hao ndio wazazi. Walioitwa wavumbuzi baadaye walikuwa warithi, na baadhi yao warithi wasiotaja marehemu.

Kisa cha wimbo wa "Hound Dog" kinatosha kwa mfano. Big Mama Thornton, mwanamke mweusi mwenye sauti ya kutikisa ukuta, aliurekodi mwaka 1952, ukatoka 1953. Mwaka 1956 Elvis Presley aliurekodi upya, ukauzwa kwa mamilioni. Haki inataka isemwe pia kwamba jambo lenyewe si jepesi kama linavyosimuliwa: waliotunga wimbo ule kwa ajili ya Thornton walikuwa vijana wawili weupe, Jerry Leiber na Mike Stoller. Hata hivyo, sikio likilinganisha rekodi mbili hizo, tofauti ni dhahiri. Kwa Thornton wimbo ni mashtaka ya mwanamke dhidi ya mwanamume mnyonyaji, na gitaa la Pete Lewis linamchekea mshtakiwa mwanzo hadi mwisho. Kwa Presley mshtakiwa ametoweka. Imebaki mbwembwe, na mbwembwe ile, hapana budi kukiri, ilikuwa na mvuto wake.

Mtunzi hasa wa kizazi kile cha kwanza alikuwa Chuck Berry wa St. Louis. Berry ni mtu wa utenzi. Anasimulia, mishororo yake ni mifupi na ya haraka, kila silabi inasikika, jambo ambalo si la kawaida katika muziki wenye kelele. Kuanzia "Maybellene" ya mwaka 1955 aliondoa majonzi ya bluzi akaweka motokaa, skuli na vijana wenye fedha kidogo mfukoni, ilhali gitaa lake likaendelea kumjibu kwa desturi ile ile ya Mississippi. Mwaka 1977 Wamarekani walipotuma angani chombo cha Voyager pamoja na sahani ya sauti za dunia, wimbo mmoja tu wa roki uliwekwa humo: "Johnny B. Goode" wa mwaka 1958. Waliochagua hawakukosea.

Mwaka 1964 una pande mbili, na kwa msomaji wa Unguja hauwezi kusomwa upande mmoja. Tarehe 12 Januari yalitokea Mapinduzi. Tarehe 9 Februari, vijana wanne wa Liverpool walioitwa Beatles walionekana katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan mjini New York, na watazamaji wakakadiriwa kuwa milioni 73. Mwaka huo huo familia moja ya Waparsi iliondoka Unguja kwenda kuishi Feltham, pembezoni mwa London. Baba alikuwa mtunza fedha wa serikali. Kijana wao, Farrokh Bulsara, alikuwa na umri wa miaka 17. Waingereza wale wa mwaka 1964 walikuwa wakiwarudishia Wamarekani bluzi waliyojifunza kwa kusikiliza sahani zilizovuka bahari. Hata jina la Rolling Stones limetokana na wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950. Muziki wa wajukuu wa watumwa ulikwenda Uingereza ukiwa wa maskini, ukarudi ukiwa biashara.

Halafu akaja Dylan. Julai 1965, katika tamasha la Newport, alipanda jukwaani na gitaa la umeme, na miongoni mwa waliompenda kwa nyimbo zake za kupinga dhuluma wako waliomzomea. Ubishi wa siku ile ulihusu umeme, lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa kwenye beti. Wimbo wake wa mwaka ule, "Like a Rolling Stone", una zaidi ya dakika sita wakati redio zilizoea tatu. Mishororo imerefuka mpaka utao wa gitaa umemezwa. Maneno yanamiminika bila kungoja jibu. Ni kama mtunzi aliyezoea tathlitha ameamua kuandika mavue. Dylan alilirudishia neno ukubwa, na kwa sababu hiyo waliompa tuzo mwaka 2016 walikuwa na hoja. Lakini alilipa gharama. Ala nyuma yake zimekuwa mkeka wa kukalia maneno. Ukisoma beti zake kwenye ukurasa bila sauti yake, baadhi zinasimama imara na baadhi zinalegea vibaya. Sauti ile ya puani ndiyo inayofanya kazi ya mizani.

Jimi Hendrix alifanya kinyume chake. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 18 Agosti 1969, mwisho wa tamasha la Woodstock lililokusanya watu zaidi ya laki nne, alipiga wimbo wa taifa la Marekani kwa gitaa peke yake, bila neno hata moja. Vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea. Pale ambapo maneno ya wimbo yanataja mabomu, nyuzi zake zililia kama mabomu, na kila Mmarekani alijaza maneno kichwani. Hapo utao umesimama bila ukwapi, na umesimama kwa sababu ukwapi ulikuwa tayari kwenye kumbukumbu za watu. Waliomfuata hawakuligundua hilo. Walichukua urefu wa upigaji wakaacha maana yake, na kwa miaka kumi roki ikajaa magitaa yanayojijibu yenyewe maswali ambayo hakuna aliyeuliza.

Wakati huo huo ndipo ulipokuwa mkubwa kuliko wakati wowote. Albamu ya Pink Floyd ya mwaka 1973, "The Dark Side of the Moon", ilikaa katika orodha ya mauzo ya Billboard kwa zaidi ya wiki 700 kufikia mwaka 1988. Muziki ulihama vilabu ukaingia viwanja vya mpira. Kiwanja kina sheria zake: anayekaa kwenye ngazi za mwisho hasikii kina wala mizani, anasikia pigo na kuona mwili. Mtu aliyeielewa sheria hiyo kuliko wenzake wote alizaliwa Unguja.

Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Alipelekwa mdogo skuli ya bweni Panchgani, India, akajifunza piano huko na kupiga katika bendi ya wanafunzi, akarudi Unguja mwaka 1963, na mwaka uliofuata akaondoka asirudi kuishi tena. Mwaka 1970 akawa mwimbaji wa Queen. Kama mtunzi wa maneno, na hili laweza kuwaudhi wapenzi wake, hakuwa wa daraja la juu. Beti zake nyingi ni nyepesi. Vina vyake huja kwa kubahatisha. Hadithi zake ni za majumba ya michezo ya kuigiza. "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975, yenye dakika karibu sita, haina kibwagizo, haina umbo linalorudi, inatoka kwenye huzuni ikaingia opera ikaingia kelele. Kwa kanuni za bahari ni guni. Lakini sauti za kwaya ile kubwa ni za watu watatu tu, zilizorekodiwa juu ya nyingine mara nyingi, na ndani yake muna neno moja la Kiarabu ambalo kila mtoto wa pwani hulitaja kabla ya kutia tonge kinywani. Wako waliojaribu kuijenga Unguja nzima juu ya neno hilo. Jengo hilo ni zito kuliko msingi wake. Neno limewekwa pale kama taji la karatasi linavyowekwa kichwani mwa mwigizaji, kwa mng'aro, na linatimiza kazi yake.

Ukubwa wake uko kwingine. Msikilizaji wa taarab anajua kwamba sauti inaweza kulibeba neno jepesi mpaka likawa zito. Waliomsikia Bi Kidude hawahitaji kufundishwa. Mercury alikuwa na sauti ya namna hiyo, na juu yake alikuwa na elimu ya kiitikio. Tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley, kwenye tamasha la Live Aid la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, Queen walipewa dakika zipatazo ishirini. Katikati yake Mercury aliimba vipande vifupi visivyo na maneno kabisa, na umati wa watu zaidi ya sabini elfu ukamrudishia kila kipande kama alivyokitoa. Ulikuwa mpango ule ule wa bluzi, isipokuwa safari hii utao walikuwa watu. Alichokifanya kilikuwa kitendo cha sha'ir na waitikiaji wake, cha mwimbishaji wa ngoma na duara lake. Alikuwa mmoja wa wachache waliopanda jukwaa lile hali wamezaliwa Afrika. Mwingine alikuwa Sade, mzaliwa wa Ibadan. Tamasha lililofanywa kwa jina la bara zima lilikuwa na nafasi finyu kwa wanamuziki wa bara lenyewe, na lawama hiyo haijapata jibu zuri mpaka leo.

Wala yeye mwenyewe hakulitetea bara hilo. Miezi tisa kabla ya Wembley, Oktoba 1984, Queen walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, ilhali Umoja wa Mataifa ulikuwa umetaka wasanii wasiende huko. Chama cha wanamuziki wa Uingereza kikawatoza faini. Mwaka uliofuata wasanii wengine, wakiongozwa na Steven Van Zandt, walitoa wimbo mzima wa kuapa kutopiga mahali pale. Katika jambo hili mtoto wa Unguja hana wa kumtetea.

Kuhusu kisiwa alinyamaza. Hapa linganisho moja linajileta lenyewe. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, miaka miwili baada ya Mercury, akaenda Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, naye pia kwa sababu ya yaliyofuata Mapinduzi. Mwaka 2021 akapewa tuzo ile ile ya Nobel ambayo miaka mitano kabla ilikuwa ya Dylan. Gurnah amekirudia kisiwa kitabu baada ya kitabu, kwa Kiingereza kilichojaa harufu ya bandari na sebule. Mercury alibadili jina, akafuta njia nyuma yake, akawa mtu wa jukwaani pasipo kwao. Mmoja ameifanya hasara kuwa maudhui. Mwingine ameifanya kuwa vazi. Si lazima kumlaumu wa pili. Mhamiaji wa Kiasia katika Uingereza ya miaka ya 1960 alikuwa na sababu nyingi za kutaka asiulizwe ametoka wapi. Lakini ukimya huo unaeleza kwa nini kisiwa nacho kimekuwa kizito kumpokea. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa kufanyika ufukweni kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilifutwa baada ya kupingwa kwa hoja za maadili. Mwaka 2019 makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Shangani. Kati ya matukio hayo mawili kilichokosekana ni kitu kidogo: kumsikiliza. Waliompinga walijadili maisha yake na waliomtangaza walijadili watalii. Nyimbo zilibaki bila mhakiki, na ni kwenye nyimbo ndiko mtu huyu anakostahili kuhukumiwa.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Miezi miwili kabla, Nirvana, kikundi cha vijana watatu, walikuwa wametoa albamu ya "Nevermind", na kwa miaka michache ilionekana kwamba roki imezaliwa upya. Ilikuwa dalili ya mwisho. Kuanguka kwenyewe kulianza nyuma zaidi, na tarehe ya kuelekezea kidole ipo. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa mpira wa besiboli mjini Chicago, maelfu ya wapenzi wa roki walikusanyika kuzilipua kwa baruti sahani za disko, muziki uliopendwa zaidi na watu weusi na Walatino. Chicago ndiyo mji wa Muddy Waters. Muziki uliozaliwa kwa Waafrika wa Marekani ulikuwa sasa na mashabiki wanaochoma sahani za Waafrika wa Marekani na kudhani wanatetea asili yao. Televisheni ya MTV, iliyoanza Agosti 1981, ilijaza vioo roki ya weupe, na mwaka 1983 David Bowie, katika mahojiano na kituo hicho hicho, aliuliza waziwazi kwa nini weusi hawaonekani. Mwaka 1986 kundi la Run-DMC lilirekodi upya wimbo wa Aerosmith pamoja na Aerosmith wenyewe. Katika filamu yake makundi mawili yako vyumba jirani, kila moja likigombana na kelele za lenzake, mpaka ukuta unapobomolewa. Waliopitia tundu lile kwa wingi zaidi walikuwa wa upande wa hip hop.

Kwa sababu hip hop ilikuwa na kitu ambacho roki ilikuwa imekiachia. Ilikuwa na neno. Ilikuwa na vina vya kati na vya mwisho, vilivyosongamana kuliko vya Dylan. Ilikuwa na malumbano, kujigamba, kukashifiana, na shairi lililosikika kila silabi kama kwa Chuck Berry. Mwaka 2017, kwa hesabu za kampuni ya Nielsen, hip hop na ndugu zake waliipita roki kwa mara ya kwanza kuwa muziki unaosikilizwa zaidi Marekani. Mei 2018 kampuni ya Gibson, mtengenezaji wa magitaa, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Mwaka huo huo filamu juu ya maisha ya Mercury ilijaza kumbi duniani kote, na mwezi Disemba kampuni ya Universal ikatangaza kwamba "Bohemian Rhapsody" ndiyo wimbo wa karne ya 20 uliosikilizwa zaidi kwa njia ya intaneti. Hakuna kupingana katika khabari hizo. Roki haijaacha kusikilizwa, imeacha kutarajiwa. Imekuwa mirathi, na mirathi inagawiwa na kuuzwa: Dylan aliuza haki za tungo zake mwaka 2020, Bruce Springsteen aliuza zake 2021, na mwaka 2024 iliripotiwa kwamba hazina ya Queen imenunuliwa na Sony kwa takriban pauni bilioni moja. Tarehe 5 Julai 2025, Black Sabbath walipiga mara ya mwisho katika mji wao wa Birmingham, Ozzy Osbourne akiimba akiwa amekaa kitini. Siku kumi na saba baadaye alifariki.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwahi kuwa nchi ya roki, ingawa gitaa la umeme lilifika mapema. Huko Tanga, vikundi vya Black Star na Lucky Star vililiingiza katika taarab, penye udi na fidla. Jambo la kustahili kuangaliwa ni nafasi lililopewa. Lilifungua wimbo, likajaza kati ya beti, likanyamaza shairi liliposemwa. Tarbia haikupoteza hata mizani moja. Tanga bila kujua Mississippi iliufikia mgawanyo ule ule wa kazi, na nyimbo za Shakila zinasikilizika hadi leo kwa sababu ukizinakili kwenye karatasi ni mashairi, ukizirudisha kwenye sahani ni muziki. Dar es Salaam kulikuwa na Sunburst, waliojaribu roki yenye ngoma za Kiafrika na ambao rekodi zao za miaka ya 1973 hadi 1976 zilitolewa upya London mwaka 2016. Kwao walisahaulika upesi. Ilipofika miaka ya 1990 vijana hawakungoja gitaa. Saleh Jabir alikwisha kuonyesha mwaka 1991 kwamba rap inakubali Kiswahili, na rap haikuhitaji ala za bei kubwa, ilihitaji ulimi. Katika nchi yenye desturi ya mashairi ya kujibizana, ushindi wake haukuwa wa kushangaza.

Nairobi pekee ndiko roki ilikopata wafuasi wa kudumu, wachache na wakaidi. Kutoka huko limetoka kundi la Duma, ambalo albamu yake ya mwaka 2020 ni kelele ya kutisha, ukwapi na utao vimesagwa pamoja hadi havitambulikani. Mwimbaji wake, Lord Spikeheart, mwaka 2024 alitoa kazi yake mwenyewe aliyoiweka wakfu kwa Muthoni wa Kirima, kamanda wa Mau Mau. Kwa sikio lililolelewa na taarab ni muziki mgumu kuvumilia. Lakini una jambo la kusema na mtu wa kumwambia, na hilo ni zaidi ya linaloweza kusemwa kuhusu albamu nyingi za roki zilizotoka London mwaka ule.

Anayetaka kusikia umbo la zamani likiwa hai bado hana budi kuelekea Sahara. Watuareg wa Mali na Niger ni watu wa ushairi kwa kiwango ambacho pwani inaweza kukielewa. Tinariwen walikusanyika uhamishoni, Algeria na Libya, vijana waliokimbia ukame na vita. Inasimuliwa kwamba Ibrahim ag Alhabib alitengeneza gitaa lake la kwanza kwa kopo la bati, fimbo na waya wa breki ya baiskeli. Beti zao za Kitamasheki zilisambaa kwa kanda zilizonakiliwa mkono kwa mkono, kuvuka mipaka ambayo wenyewe hawakuruhusiwa kuivuka. Mwimbaji anatoa mshororo, gitaa linamjibu, kundi linaitikia. Mwaka 2012 walipewa tuzo ya Grammy. Mwaka huo huo wenye silaha waliokamata kaskazini mwa Mali walipiga marufuku muziki. Mashairi ya watu hawa yana jambo la kupoteza, na gitaa lao linajua linamjibu nani.

Kijana wao wa Niger, Mdou Moctar, anayepiga kwa mkono wa kushoto kama Hendrix, alicheza katika filamu ya mwaka 2015 iliyochota kisa chake kutoka "Purple Rain" ya Prince. Kitamasheki hakina neno la rangi ya zambarau. Waliotafsiri jina la filamu hawakukopa neno wala hawakukata tamaa. Waliandika, kwa lugha yao, mvua ya rangi ya buluu yenye wekundu kidogo ndani yake. Mfasiri wa Kiswahili, ambaye lugha yake iliichukua rangi hiyo kutoka kwenye tunda, angeandika "Mvua ya Zambarau" akamaliza kazi kwa maneno matatu. Jina la Niger ni refu zaidi, na mvua yake inaonekana vizuri zaidi.